VAUBAN: JEMADARI ALIYEHESABU JASHO LA MFANYAKAZI

Jina la mwanajeshi mashuhuri likitajwa, aghalabu fikra za watu huenda kwenye mizinga, farasi na bendera. Ni wachache wanaouliza ni nani aliyebeba udongo wa ngome ile, alilipwa nini, na jioni alikula nini kabla ya kulala. Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za jemadari mmoja wa Ufaransa aliyeuliza maswali hayo. Aliyauliza kwa miaka mingi, akayatafutia majibu kwa kalamu na hesabu, na mwisho akayatia katika kitabu. Kitabu hicho kilipigwa marufuku na serikali ile ile aliyoitumikia tangu ujana hata uzee. Jina lake ni Sébastien Le Prestre de Vauban.

Alizaliwa mwezi wa Mei, 1633, katika kijiji cha Saint-Léger-de-Foucherets, kwenye milima ya Morvan katika nchi ya Bourgogne. Jamaa yake walihesabiwa kuwa mabwana, lakini walikuwa mabwana wa jina tu. Ardhi yao ilikuwa haba na mifuko yao mitupu, na mtoto yule alikua akiwaona wakulima kwa karibu, si kwa mbali kutoka dirisha la jumba. Nchi ya Morvan ni nchi ya mvua, misitu na udongo usio na rutuba. Mtu aliyekulia huko hakuhitaji kufundishwa maana ya njaa, na yatupasa kulikumbuka jambo hilo, kwa sababu ndilo linaloeleza mengi aliyoyafanya baadaye.

Mwaka wa 1651 aliingia jeshini chini ya Mwana wa Mfalme wa Condé, ambaye wakati huo alikuwa amemwasi Mfalme Louis wa Kumi na Nne. Mwaka wa 1653 kijana Vauban alitekwa na majeshi ya mfalme. Kadinali Mazarin, waziri aliyeshika hatamu za nchi, aliona akili yake akamshawishi abadili upande, naye akabadili. Mwaka wa 1655 alipewa cheo cha injinia wa mfalme, na tangu siku hiyo hakuwa na bwana mwingine.

Sifa zake za vita zimeandikwa mara nyingi, nasi hatutakaa hapo sana. Aliongoza kazi ya kuhusuru miji ipatayo 50, akajenga ngome mpya zaidi ya 30 na kutengeneza nyingine nyingi zaidi ya hizo. Boma la Lille, lililoanza kujengwa baada ya mji huo kutekwa mwaka wa 1667, lingaliko hata leo. Mwaka wa 1678 alifanywa mkuu wa kazi zote za ngome katika ufalme, na tarehe 14 Januari, 1703, akapewa cheo cha Mareshali wa Ufaransa, cheo kilicho juu ya vyote katika jeshi la nchi ile.

Walakini hata katika vita vyenyewe kuna jambo linalotuhusu. Kabla yake, desturi ya kuuteka mji ilikuwa ni kuwasukuma askari mbele ya mizinga, wafe wengi mpaka wachache wapenye. Vauban aliuona utaratibu huo kuwa upotevu. Mwaka wa 1673, mbele ya mji wa Maastricht, aliwaamuru watu wachimbe mahandaki yaliyoambaa na ukuta, moja nyuma ya jingine, yakiunganishwa kwa njia za kupinda-pinda, ili askari wasogee wakiwa wamefunikwa na udongo. Mji ulianguka katika siku 13 tangu uchimbaji uanze. Katika mapigano hayo hayo d'Artagnan, yule ofisa ambaye baadaye hadithi za Alexandre Dumas zilimfanya maarufu ulimwenguni, aliuawa katika shambulio lililofanywa juu ya ardhi. Kwa Vauban, beleshi na sururu ziliokoa maisha ambayo upanga uliyapoteza. Mtu aliyekuwa na fikra ya namna hiyo hakuweza kumdharau mchimbaji.

Na sasa tuingie katika kiini cha maneno yetu.

Kujenga ngome ni kuhamisha udongo. Udongo huchimbwa, hupakiwa katika toroli, husukumwa, hupandishwa na kumwagwa. Maelfu ya watu, wengine wanavijiji na wengine askari waliopewa kazi wakati wa amani, walifanya hivyo mwaka baada ya mwaka. Watangulizi wa Vauban walikuwa wakikisia tu: watu kadhaa, siku kadhaa, fedha kadhaa. Yeye alikataa kukisia. Alisimama penye kazi akahesabu. Ni toroli ngapi mtu mmoja aweza kusukuma kwa siku moja bila kujiharibu mwili? Njia ikiwa tambarare ni mbali gani apaswapo kumwachia mwenzake, na njia ikiwa ya kupanda ni wapi? Udongo mwepesi una bei gani ya haki, na ule wa mawe unapaswa kuongezwa kiasi gani?

Katika kazi za ngome za Alsace alitoa kanuni zenye majibu ya maswali hayo. Njia iligawanywa vipande vya mita kama 29 kila kimoja, na kila mtu akawa na kipande chake. Kwa kupima aliona kwamba mfanyakazi mmoja aweza kusukuma kiasi cha mita 15 za ujazo za udongo katika kipande kimoja kwa siku. Penye mwinuko kipande kilifupishwa, maana mgongo wa mtu hauoni mita, huona mzigo. Kutokana na vipimo hivyo ilipangwa bei ambayo mkandarasi alilazimika kumlipa askari aliyebeba udongo. Bei ikisha kuandikwa na kujulikana na wote, ilikuwa vigumu kwa mkandarasi kumdanganya mtu asiyejua kusoma.

Tusimfanye Vauban kuwa kitu asichokuwa. Alipopima kazi, shabaha yake ya kwanza ilikuwa kumwokolea mfalme fedha na muda. Lakini vipimo vina tabia moja: vikiwa vya kweli, humsemea kila aliye na haki. Mtu akisema kibarua ni mvivu kwa kuwa hakumaliza kazi fulani, vipimo huuliza kama kazi hiyo yamalizika na binadamu yeyote. Hapo ndipo elimu ya uchumi wa kazi inapoanzia, na twaweza kusema bila kutia chumvi kwamba ofisa huyu wa jeshi alikuwa miongoni mwa wa kwanza kabisa katika Ulaya kuitenda elimu hiyo, kabla haijapewa jina.

Mwaka wa 1683 aliandika barua kwa Louvois, Waziri wa Vita, juu ya zabuni. Desturi ilikuwa kumpa kazi mkandarasi aliyetaja bei ndogo kuliko wote, kisha kumbana aipunguze tena. Vauban alimweleza waziri kwamba mwenendo huo huwafukuza wajenzi wenye ujuzi na mali, hubakia wale wasiojua kazi au wasio na la kupoteza. Hao hununua mawe mabovu na chokaa hafifu, huchelewesha malipo ya watu, na huwapunja wafanyakazi ujira kwa kila hila, kwa sababu bei waliyokubali haitoshi kuwalipa. Mwisho wake ukuta huanguka, kazi hurudiwa, na ile bei ndogo huwa kubwa kuliko zote. Alishauri ilipwe bei ya haki kwa mtu mwaminifu, kisha asimamiwe sawasawa. Miaka zaidi ya 300 imepita tangu barua ile, na tunaamini hakuna fundi mwashi anayesoma ukurasa huu asiyemjua mkandarasi wa namna hiyo.

Kazi ya ngome ilimtembeza Vauban katika kila pembe ya Ufaransa. Alisafiri zaidi ya nusu ya kila mwaka, mara nyingi ndani ya kiti kilichochukuliwa na nyumbu, kilichotengenezwa ili aweze kuandika njiani. Kila alipofika aliuliza. Aliwauliza wakulima wanavuna nini, wachungaji wana kondoo wangapi, mapadri wamezika watu wangapi, wafumaji wanauza kitambaa kwa kiasi gani. Majibu aliyaweka katika madaftari. Mwaka wa 1686 aliandika maelezo mafupi ya namna ya kuwahesabu watu wa nchi, yakiwa na fomu zenye safu: wanaume, wanawake, vijana wa kiume, wasichana, watumishi. Serikali zilikuwa zikihesabu nyumba kwa ajili ya kodi. Yeye alitaka wahesabiwe binadamu, kwa kuwa aliamini ukubwa wa mfalme hupimwa kwa wingi na uzima wa watu wake.

Mwaka wa 1685 mfalme alifuta ile sheria iliyowapa Waprotestanti uhuru wa dini yao. Wengi waliikimbia nchi, na kati yao walikuwamo mafundi wa nguo, wa karatasi na wa chuma, mabaharia na askari. Makasisi na waungwana wa ikulu walishangilia. Mwaka wa 1689 Vauban, aliyekuwa Mkatoliki, alimpelekea Louvois maandishi akitaka sheria hiyo irejeshwe na watu warudishwe. Alikadiria kuwa wamekwisha kuondoka watu 80,000 hadi 100,000, na fedha livre milioni 30, na kwamba ujuzi wa mikono yao sasa wanufaisha maadui wa Ufaransa. Alisema pia kuwa kuwalazimisha watu dini hakuzai waumini. Katika siku zile maneno kama hayo yalikuwa hatari. Hayakufuatwa, wala yeye hakuadhibiwa, maana mfalme aliihitaji kazi yake.

Kisha ikaja njaa ya mwaka wa 1693 na 1694. Mavuno yaliharibika, bei ya nafaka ikapanda kupita kiasi, magonjwa yakafuata, na watu zaidi ya milioni moja wakafa katika ufalme uliohesabiwa kuwa tajiri kuliko wote wa Ulaya. Huko Versailles karamu ziliendelea. Mwezi wa Januari, 1696, Vauban alikamilisha uchunguzi wa wilaya ya Vézelay, yaani nchi yake mwenyewe aliyozaliwa. Humo mna udongo, mito, mifugo, kodi, idadi ya watu kwa kila kijiji. Na humo mna chakula chao.

Aliandika kwamba watu wa kawaida wa nchi ile wanakula mkate wa shayiri usiochekechwa hata pumba, na kwamba nyama hawaionji hata mara tatu kwa mwaka. Wengi wao huvaa kitambaa kilichochakaa kiangazi na kipupwe, na viatu vya mti bila soksi. Halafu akafika penye neno lililo kubwa kuliko yote. Mabwana wa mji walikuwa wakisema wakulima hawa ni wavivu, ndiyo maana ni maskini. Vauban aligeuza hoja hiyo juu chini: mtu asiyekula hana nguvu, asiye na nguvu hafanyi kazi nyingi, na asiyejua kama mavuno yake yatabaki kuwa yake hana sababu ya kuongeza bidii. Uvivu uliosemwa haukuwa asili ya watu. Ulikuwa tunda la njaa na kodi. Leo wataalamu wa uchumi hufundisha uhusiano wa chakula na nguvu ya kazi katika vyuo vikuu. Yeye aliuona kwa macho, mlangoni kwa jirani zake.

Juu ya kodi yatupasa tueleze kidogo. Kodi kubwa ya nchi ile iliitwa taille. Makabaila na makasisi kwa kawaida hawakuilipa. Mzigo ulimwangukia mkulima na fundi. Nayo haikutozwa kwa kipimo cha haki, bali kwa kukisia jinsi mtu anavyoonekana. Kwa hiyo mkulima aliyeweza kufuga ng'ombe mmoja aliogopa kumfuga, asije akapandishiwa kodi mwaka unaofuata. Aliyeweza kuvaa vizuri alivaa matambara kwa kusudi. Asiyelipa, vyombo vyake viliuzwa, na Vauban alisimulia kwamba wakusanyaji waling'oa hata milango ya nyumba. Ilikuwako tena kodi ya chumvi, ambayo katika majimbo mengi mtu alilazimishwa kuinunua kwa bei ya serikali. Na wakusanyaji wa kodi nyingine walikuwa matajiri walioinunua haki ya kukusanya, wakalipa kidogo katika hazina na kujibakizia kingi.

Kwa miaka kadhaa, tangu kama 1698, Vauban aliyakusanya madaftari yake na kuandika kitabu. Alikiita Zaka ya Kifalme, maana alitaka kodi zile zote za fujo zifutwe, na badala yake kila mtu, awe mwana wa mfalme, askofu, kabaila, mfanyabiashara au kibarua, atoe fungu moja la pato lake: lisipungue sehemu moja katika 20, wala lisizidi sehemu moja katika 10. Mwenye ardhi atoe katika mazao yake. Mwenye nyumba, mwenye cheo na mwenye malipo ya uzeeni watoe katika mapato yao. Chumvi ishushwe bei. Vizuizi vya ushuru kati ya jimbo na jimbo viondolewe, vibaki mipakani tu.

Katika kitabu hicho mna hesabu ambazo kila mfanyakazi anastahili kuzijua. Vauban anamchukua mfumaji wa kitani na kuuliza kwa mwaka anafanya kazi siku ngapi. Mwaka una siku 365. Anaondoa Jumapili 52, sikukuu 38, siku 50 za baridi kali, siku 20 za magulio na shughuli nyingine, na siku 25 za ugonjwa. Zabaki siku 180. Kwa ujira wa sol 12 kwa siku, na livre moja ni sol 20, mfumaji hupata livre 108 kwa mwaka mzima. Hakuna waziri wa mfalme aliyepata kukaa chini kufanya hesabu hiyo. Wao walizidisha ujira wa siku kwa siku zote za mwaka, wakaona fundi ana mali.

Kisha anamchukua kibarua wa shamba, ambaye ndiye mtu wa chini kabisa. Huyu hupata kama sol 9 kwa siku, na kwa kumkadiria vizuri, livre 90 kwa mwaka. Ana mke na watoto wawili. Kodi, hata katika mpango mpya wakati wa shida, itamtoa livre 6. Chumvi ya watu wanne itamtoa livre 8 na sol 16. Zabaki livre 75 na sol 4. Nafaka ya mkate, nusu ngano na nusu nafaka duni, haitapungua livre 60. Zimebaki livre 15 na sol 4. Kwa fedha hizo watu wanne wapate pango la nyumba, nguo, vyombo na kila kitu kingine cha mwaka mzima. Vauban anasema wazi kwamba haitoshi, na kwamba mke asiposokota uzi, kushona au kufuga kuku, nyumba hiyo haiwezi kusimama. Kwa neno hilo aliitia kazi ya mwanamke katika hesabu ya uchumi wa nchi, jambo ambalo wengi waliokuja nyuma yake walilisahau. Naye akahitimisha kwamba mafundi na vibarua wasitozwe zaidi ya sehemu moja katika 30 ya ujira wao.

Aliupima pia ufalme wote, ambao watu wake aliwakadiria kuwa milioni 19. Katika kila watu kumi, alisema, mmoja ni mwombaji. Watano hawana uwezo wa kumpa mwombaji huyo kitu, kwa kuwa wao wenyewe wanakaribia kuwa kama yeye. Watatu wana maisha ya taabu, wamezama katika madeni na mashauri ya mahakamani. Katika ule mmoja aliyebaki wamo makabaila, maofisa, mahakimu na wafanyabiashara wakubwa wote. Nao hawafiki jamaa laki moja, na kati ya hao walio na raha ya kweli hawafiki hata 10,000. Wale wa chini, alisema, ndio wanaochukua mizigo yote ya nchi, ndio wanaotoa askari, mabaharia, mafundi na wakulima, na ndio wanaodharauliwa kuliko wote.

Kitabu kilichapwa kwa siri mwishoni mwa 1706, bila ruhusa ya serikali wala jina la mwandishi, na nakala zake chache zikagawiwa marafiki. Lakini siri ya namna hiyo haifichiki. Wakusanyaji wa kodi, mawaziri na mabwana wa ikulu waliona mara moja ni nani atakayepoteza. Tarehe 14 Februari, 1707, Baraza la Mfalme liliamuru nakala zikamatwe na kuharibiwa. Amri ya pili ikatoka tarehe 14 Machi. Siku za mwisho za mwezi huo mzee Vauban, aliyekuwa na miaka 73 na kifua kibovu, alikuwa amelala na homa nyumbani kwake Paris. Tarehe 30 Machi, 1707, akafariki.

Saint-Simon, mwandishi mashuhuri wa habari za ikulu, alisimulia kwamba jemadari alikufa kwa uchungu wa kukataliwa na mfalme wake. Wanahistoria wengi wa siku hizi husema alikufa kwa ugonjwa wa mapafu, na kwamba mfalme hakumtia hatiani yeye binafsi. Sisi twaona kwamba yote mawili hayafuti jambo moja: serikali iliyompa cheo cha juu kuliko vyote kwa kujenga kuta, ilikikamata kitabu chake alipoonyesha kwamba walio ndani ya kuta wanakufa njaa.

Haki yataka tuseme na upande wa pili. Vauban alikuwa mtu wa mfalme. Vita alivyovishinda vilikuwa vita vya Louis wa Kumi na Nne, na vita hivyo ndivyo vilivyoongeza kodi alizozililia. Mwaka wa 1685 alishiriki katika mpango wa kuleta maji ya mto Eure mpaka Versailles kwa ajili ya chemchemi za bustani za mfalme. Maelfu ya askari walichimbishwa, homa ikawaua wengi, na kazi ikaachwa mwaka wa 1688 bila kumalizika. Wala hakutaka utawala wa mfalme uondoke. Alitaka uwe na akili. Alidhani akimwonyesha mfalme hesabu zilizo sahihi, basi mfalme atatenda haki. Hapo ndipo alipokosea, na kosa hilo ni funzo. Hesabu zilikuwa sahihi, ila waliokaa kandokando ya kiti ndio waliokuwa wakila zile kodi.

Mwaka wa 1710, vita vikiwa vimeikausha hazina, serikali ilianzisha kodi ya sehemu moja katika 10. Watu walidhani mawazo ya Vauban yameshinda. Kumbe sivyo. Yeye alitaka kodi hiyo iwe badala ya nyingine zote. Wao waliiongeza juu ya nyingine zote. Mzigo ukazidi. Makabaila na makasisi walishika misamaha yao kwa miaka mingine 80 hivi, mpaka mapinduzi ya 1789 yalipoifuta.

Vauban alikuwa mwalimu pia. Mainjinia vijana walipita mikononi mwake, akiwapima ujuzi wao kabla ya kupewa kazi. Aliandika maelekezo juu ya kuhusuru miji, na mwaka wa 1704 alimpa mjukuu wa mfalme, Mtawala wa Bourgogne, kitabu cha mafunzo hayo. Katika jeshi la mainjinia alilolilea, desturi ya kupima kazi haikufa. Ofisa mwingine wa jeshi hilo, Charles-Augustin Coulomb, ambaye jina lake leo limo katika vipimo vya umeme, alisimamia ujenzi wa ngome katika kisiwa cha Martinique kati ya 1764 na 1772. Huko aliona jinsi joto na mzigo unavyomaliza mwili wa mtu. Alipoandika juu ya kazi ambayo binadamu aweza kuifanya kwa siku, alizitumia hesabu za Vauban za toroli na udongo, akaonyesha kwamba mapumziko si wizi wa saa za mwajiri, bali ni sehemu ya kazi yenyewe.

Mwaka wa 1808 Napoleon aliamuru moyo wa Vauban uwekwe katika jumba la Invalides huko Paris, pamoja na mashujaa wa nchi. Maandishi yake mengi yalikaa bila kuchapwa kwa ukamilifu mpaka 2007, na mwaka wa 2008 Shirika la UNESCO liliweka ngome na maboma yake 12 katika orodha ya urithi wa dunia. Watalii hupanda kuta zile wakapiga picha. Ni vizuri. Lakini kuta zile hazina kazi tena, maana mizinga ya nyakati zilizofuata ilizishinda. Kilichobaki na kazi ni lile swali la madaftari yake.

Nasi twawaomba wasomaji wetu, hasa wale wanaokaa katika vikao vya kujadili mishahara, bei na kodi, walichukue swali hilo kwenda nalo kikaoni. Mtu akisema ujira fulani watosha, tusibishane naye kwa makelele. Tuchukue karatasi. Tuhesabu siku ambazo mtu huyo hupata kazi kweli, tuondoe siku za mvua na za ugonjwa, tuandike bei ya unga, ya chumvi na ya pango, tutoe kodi, kisha tutazame kilichobaki mwishoni mwa safu. Mareshali wa Ufaransa hakuona haya kuifanya hesabu hiyo kwa ajili ya kibarua mmoja asiye na jina.

Kilichobaki kilikuwa livre 15 na sol 4.